Wazee saba kwa baiskeli, Tabora hadi Kigoma, mvua za kwanza: yaliyotupata na tuliyoyabadilisha

Mkongwe wa Isevya

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwezi wa 11 mwaka jana tulitoka hapa Tabora mjini watu saba, wanaume watano na wanawake wawili, tukaenda Kigoma kwa baiskeli. Mdogo wetu ana miaka 58, mkubwa wetu 71. Mimi nina 64, mwalimu mstaafu. Tangu turudi tunaulizwa kila kijiwe, na karibu wote wanauliza magoti na miguu. Nimeona niandike kwa kirefu, maana kilichotaka kutuharibia safari hakikuwa magoti. Ni mahali tulipomweka mwenzetu kwenye msafara siku ya mvua. Nitafika huko, nivumilieni.

Majina ya watu sitaweka. Yupo mama nesi, mstaafu wa zahanati. Yupo mzee wa reli, miaka 69, aliyefanya kazi kwenye treni za Kigoma mpaka akastaafu. Yupo fundi, ambaye kijiwe chake cha baiskeli kinajulikana na nusu ya mtaa. Wengine wawili ni wakulima wa tumbaku waliopunguza mashamba, na wa mwisho ni mama anayeuza asali sokoni.

Hatukukurupuka. Miezi minne tulikuwa tunazoea: mara tatu kwa wiki kilomita 20, kisha 40, kisha Jumamosi moja tukaenda Ndono na kurudi. Kila mtu alipita kwa daktari wake, na hili naomba mlisome mara mbili, hasa mnaotumia dawa za presha. Zipo zinazoongeza mkojo, na juani zinakukausha haraka. Zipo zinazoshusha mapigo ya moyo, kwa hiyo ukijishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo unadanganyika. Sisi kipimo chetu kilikuwa salamu. Ukikutana na mtu njiani ukashindwa kumalizia "mwangaluka" na kuuliza habari za nyumbani bila kuhema, umezidisha mwendo. Punguza.

Njia wengi mnaijua: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, daraja la Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba, Kidahwe, halafu Kigoma. Ni kilomita mia nne na ushee. Tuligawa siku sita, na mojawapo ilikuwa ya kupumzika.

Siku mbili za kwanza adui alikuwa jua. Mnaoishi huku mnajua, wiki za mwisho kabla mvua haijashika ndizo zinazochoma kuliko zote. Tuliondoka saa 11 alfajiri, na saa 5 asubuhi tulikuwa chini ya mwembe. Mama nesi alikuja na firimbi. Kila dakika 20 anapuliza, kila mtu anakunywa mafunda manne, unataka hutaki. Alitueleza kwamba umri ukienda kiu inachelewa. Mwili umeshapungukiwa maji na wewe unajiona mzima. Jasho nalo halitoki kama la kijana, kwa hiyo joto linakaa ndani. Ila alikataa tusinywe maji matupu lita kwa lita, kwa sababu chumvi ya damuni inazimuliwa mpaka mtu anaanza kuumwa kichwa na kutapika. Chupa moja ya kila mtu ilikuwa na mchanganyiko ule wa akina mama wa kliniki: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko.

Chakula cha njiani kilikuwa matobolwa na karanga. Nimejaribu biskuti za kila aina, hakuna iliyoshinda kipande cha kiazi kilichochemshwa kikakaushwa. Hakivunjiki mfukoni, kinakaa tumboni, na unakitafuna taratibu huku unaendesha.

Urambo tulilala, mji wa Mtemi Mirambo. Mzee wa reli alituhadithia usiku kucha, na pale nilimwona ana furaha kama mtoto. Kaliua tulipumzika.

Nasimama hapa kwanza, nakwenda swala. Nitaendelea jioni.

MwanaUjiji

Shikamoo mzee wangu. Nimejaa tele kwenye huu uzi. Swali: baiskeli gani mlitumia? Zile za gia au Phoenix?

Kaka wa Nguruka

Shikamoo mwalimu. Mimi nasema kwa upendo, sio kwa kubeza. Baba yangu ana miaka 66 na akisoma hapa ataanza kuniomba baiskeli. Umri huo na mvua za huku si ni kutafuta nimonia? Kwa nini wazee wasipande basi?

Fundi Pancha

Mimi ndiye fundi anayesemwa hapo juu. MwanaUjiji, zilikuwa Phoenix nne na tatu za gia. Kwenye lami za gia zilikuwa nyepesi, sikatai. Lakini kwenye tope jekundu zile gia za nyuma zilijaa udongo mpaka mnyororo ukawa unaruka, na vijijini hupati kipuri. Phoenix spoku ikikatika unapata duka lolote lenye mafuta ya taa na sabuni. Tatizo la Phoenix ni breki za vyuma. Rimu ikilowa hazishiki. Dawa yake ni kubana kidogo kidogo mapema, raba zifute maji kwanza, ndipo ubane kweli. Na mtu asikae chini ya urefu wa baiskeli tatu nyuma ya mwenzake siku ya mvua.

Nilibeba tyubu 5, viraka, gundi, pampu 2, spoku 12, kopo la oili. Pancha zilikuwa 9, karibu zote miiba. Jambo moja nililojifunza: kwenye udongo mfinyanzi, madigadi yaliyobana tairi ni balaa. Tope linajaa pale mpaka gurudumu linagoma. Nilifungua ya watu watatu nikayafunga kwenye keria.

Mkongwe wa Isevya

Marahaba wanangu. Nimerudi.

Kaka wa Nguruka, nakujibu kwa uzito maana umeuliza kama mtoto anayempenda baba yake. Mvua kwa yenyewe haileti nimonia, huo ni ugonjwa wa vimelea. Mvua inaleta ubaridi wa mwili, na ubaridi kwa mzee ni hatari ya kweli. Huo ndio moyo wa uzi huu, nitaueleza.

Lakini kuhusu umri na baiskeli, kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2018. Walipimwa waendesha baiskeli 125 wasiolipwa, wa miaka 55 hadi 79. Wanaume ili wakubaliwe walitakiwa waweze kilomita 100 ndani ya saa 6 na nusu, wanawake kilomita 60 ndani ya saa 5 na nusu. Misuli yao ilikuwa haijapungua kama ya wenzao wasiofanya mazoezi, na kinga zao za mwili zilikuwa bado zinatengeneza askari wapya kwa kiwango cha kukaribia vijana. Na Ufaransa alikuwepo Robert Marchand, aliyezaliwa 1911. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, aliendesha kilomita 26.927 kwa saa moja. Mwaka 2017 akarudi tena na miaka 105, akapata 22.547. Amefariki 2021 akiwa na 109. Simleti hapa kusema wazee wote tuko vile. Namleta kwa sababu baba yako wa miaka 66 si mtu wa kuwekwa kwenye kiti cha uvivu barazani kama chungu kilichopasuka.

Ila mwambie baiskeli haitoshi peke yake. Mifupa inataka mtu atembee na abebe vitu, na baiskeli inabeba uzito wako. Aendelee na jembe.

Sasa siku ya nne.

Siku ya tatu ilikuwa pori la miombo kutoka Kaliua mpaka Nguruka, na kikubwa kilikuwa mbung'o. Wakulima wetu wawili walikuwa wamevaa mashati ya bluu, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi nyingine. Waliumwa migongo mpaka wakageuza mashati. Vaeni kaki.

Tuliamka Nguruka mawingu yamefunga upande wa mbele. Tukakubaliana twende, tukifika Malagarasi tuamue. Pale darajani palikuwa pametulia, maji yanapita chini polepole, mabwawa yale makubwa yamelala kushoto na kulia. Tulipiga picha. Mvua ikaanza kama manyunyu, na sisi tukafurahi, baada ya jua la siku tatu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Mtu akifurahi kulowa hajifuniki.

Baada ya nusu saa upepo ukaja. Mvua ikawa inapiga usoni, huoni barabara, na maji yanapita shingoni mpaka kiunoni. Tulikuwa tunakwenda mstari mmoja, na kwa desturi yetu anayechoka anajirudisha nyuma ili asiwabane wenzake. Mzee wa reli alikuwa nyuma kabisa. Yeye mwenyewe alichagua. Aliniambia, "Mwalimu, tangulieni, mimi nafuata reli yangu." Tulitii, kwa heshima.

Tulikwenda hivyo saa nzima na zaidi. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mbele. Nikigeuka naona wawili nyuma yangu, wengine wamemezwa na mvua.

Tuliposimama kumsubiri, alifika baada ya dakika kama kumi na mbili. Alishuka vizuri. Akaweka baiskeli kwenye stendi vizuri. Akachukua chupa ya chai, akashindwa kufungua kifuniko. Nilimwona anakizungusha upande wa kukaza. Akazungusha, akazungusha, vidole vimekakamaa vimekuwa vyeupe kwenye kucha, akaacha akaishika tu ile chupa kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Hakutetemeka. Nikafikiri hana baridi.

Mama nesi alimsogelea, akamshika kiganja, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mzee wangu, kituo gani kinafuata?"

Huyu ni mtu anayezitaja stesheni zote toka Tabora mpaka Kigoma bila kupumua. Ukimwamsha usiku anakutajia. Akamtazama mama nesi, akasema, "Usinge."

Usinge tuliipita jana yake.

Nitaandika sehemu iliyobaki kesho. Mkono umechoka.

MwanaUjiji

Mzee, umetuacha pabaya. Nimesisimka mwili. Tunasubiri.

Mama Kaliua

Pole sana mwalimu. Baba yangu alikutwa hivyohivyo mtumbwini, tukadhani kalewa. Tulikuwa hatujui.

Mkongwe wa Isevya

Poleni kwa kusubiri. Mama Kaliua, asante kwa kusema hilo, maana ndivyo watu wengi wanavyodhani.

Mama nesi alitueleza baadaye. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, vidole vinakuwa vizito, maneno yanateleza, akili inazunguka. Kutetemeka kukikoma na mtu bado kalowa, usiseme kapata nafuu. Ni mwili umechoka kujipasha. Wala halihitaji theluji, wakuu. Nguo iliyolowa, upepo, saa mbili, na umri wa miaka 69 vinatosha, hapa hapa kwetu. Mzee misuli yake ni michache, na mwili hautetemeki kwa nguvu kama wa kijana.

Tulifanya hivi. Kulikuwa na kibanda cha wachoma mkaa, tukamwingiza. Tulimvua kila kilicholowa. Mama muuza asali alikuwa na kitenge kikavu ndani ya mfuko wa nailoni, tukamfunga nacho kifuani na shingoni kwanza, si mikononi. Juu yake tukamzungushia nailoni. Kichwani kofia kavu ya fundi. Wakulima wawili wakamkalia huku na huku wamebana. Vijana wa mkaa, Mungu awabariki, wakachemsha maji, na alipoweza kumeza vizuri bila kupaliwa tukampa chai yenye asali nyingi. Hatukumsugua mikono na miguu, wala hatukumsogeza karibu na moto. Mama nesi alikataa kabisa.

Ilichukua muda mrefu. Kwanza alianza kutetemeka, kibanda kizima kikawa kinasikia meno. Mama nesi akasema hapo ndipo anarudi. Kisha akafumbua macho akasema, "Malagarasi tumeipita. Inayofuata Uvinza." Mmoja wa wakulima alilia waziwazi.

Jioni akatueleza kwamba baridi ilimshika tangu darajani. Alinyamaza kwa sababu aliwaona wanawake wawili mbele bado wanakanyaga, na yeye mwanamume wa reli angesemaje amechoka. Ndiyo maana akajirudisha nyuma. Nyuma hakuna anayekuona.

Wakuu, hapo ndipo tulipobadilisha safari yote. Kuanzia siku iliyofuata, aliyechoka au mwenye baridi hakai nyuma. Anakaa wa pili. Mbele yake anakaa mwenye nguvu kuliko wote, anamkatia upepo. Nyuma ya mgongo wa mtu upepo unapungua sana, karibu theluthi ya kazi yako inaondoka. Wa tatu anakuwa mtu mwenye macho, kazi yake ni kumtazama wa pili. Mwendo unakuwa wa huyo wa pili. Nyuma kabisa anakaa wa pili kwa nguvu, mwenye firimbi.

Na tukaacha kuulizana "uko sawa?" Mzee ukimuuliza hivyo atakujibu yuko sawa hata kama anakufa. Tunaulizana vitu: kituo kinachofuata, jina la mjukuu wa mwisho, fungua kifuniko hiki nikuone. Kila dakika 20, pamoja na maji.

Tulilala Uvinza siku mbili badala ya moja, na usiku wa kwanza mzee alionwa na mganga wa pale. Huko ndiko kwenye chumvi ya chemchemi iliyokuwa ikichemshwa tangu kabla ya misafara ya pwani. Salamu nayo ilikuwa imeshageuka, tunaitikia "mwakeye". Mzee wa reli alitaka kuendelea. Mama nesi akasema ataendelea akiwa wa pili au atapanda treni. Akakaa wa pili.

Kaka wa Nguruka

Mwalimu nimesoma nikanyamaza muda mrefu. Asante. Swali la mwisho: radi je? Huku kwetu kila mwaka inaua. Na mmesema mlikaa chini ya mwembe.

Mkongwe wa Isevya

Mwembe ulikuwa wa jua, mwanangu. Mvua ikianza, mwembe uuache. Mti mrefu uliosimama peke yake ndio unaoitwa na radi.

Ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa chini ya 30, safari imesimama. Tafuta nyumba ya kweli au gari lililofungwa. Tairi za mpira za baiskeli hazikulindi hata kidogo, hiyo ni imani tu. Ukikosa nyumba, laza baiskeli mbali nawe, shuka mahali pa chini pasipo na maji, chuchumaa miguu pamoja, na watu waachane hatua nyingi. Radi ikimpata mmoja, wengine wabaki wa kumsaidia, na aliyepigwa ushikeni mwili wake bila hofu, hauna umeme. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kati ya Uvinza na Kazuramimba tulisimama hivyo mara mbili.

Fundi Pancha

Naongezea kitu kimoja tu. Siku ya kuingia Kigoma, kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, nilikagua breki zote saba mara mbili. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kama 773. Mnapanda na kushuka vilima, na vile vya mwisho vinashuka kweli. Raba za breki za mzee wa reli zilikuwa zimekwisha kabisa na alikuwa hajasema. Nilibadilisha palepale. Sasa nakagua mwenyewe kila asubuhi, siulizi.

MwanaUjiji

Wazee wangu mlifika saa ngapi? Mngepita nyumbani Ujiji tungewapikia migebuka.

Mkongwe wa Isevya

Tulifika kigiza kinaingia. Mzee wa reli alituomba tupite stesheni kwanza kabla ya ziwa. Lile jengo kubwa alilolifanyia kazi, reli iliyofika pale 1914. Alisimama mbele yake na baiskeli yake, tope mpaka magotini, akatusomea stesheni zote kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kigoma, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora, na vile vituo vidogo vya katikati ambavyo sisi hatuvijui. Mama nesi alikuwa anamfuatisha kwa vidole. Hakukosea hata kimoja.

Mwaka huu, inshallah, tutapita Ujiji. Migebuka tunaipokea kwa mikono miwili.

Kaka wa Nguruka

Baba amesoma uzi wote. Nilimsomea mimi, macho yake hayawezi simu. Anauliza anaweza kuja lini.

Mkongwe wa Isevya

Mpe salamu zangu. Aanze huko Nguruka, kilomita 10 asubuhi kwa wiki mbili, apimwe presha na sukari, kisha anitafute kwa ujumbe humu ndani nimuunganishe na wenzake wa Kaliua. Tunatoka tena mwezi wa 11, na tukipita Nguruka tutalala hapo, kwa hiyo anaweza kuungana nasi kuanzia kwenu.

Aje na sweta moja, iwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, aiweke juu kabisa ya mzigo. Na mwambie mapema kwamba siku ya kwanza atakaa wa pili.